Upinde wa kwanza wa mtoto: dalili za upinde usiomfaa na namna ya kuurekebisha

Wazazi wa Nairobi tumezoea kununua sweta ya shule ikiwa kubwa. Mikono inakunjwa mara mbili, mtoto anaambiwa atakua nayo, na kweli anakua nayo. Upinde haununuliwi hivyo. Mtoto aliyerithishwa upinde wa kaka yake mkubwa hajifunzi kupiga shabaha, anajifunza kushindana na mti. Akija kupata upinde wa kimo chake miaka miwili baadaye, mwili umeshashika tabia mbovu ambazo kuzitoa ni kazi kubwa kuliko kumfundisha aliyeanza jana.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimama nyuma ya watoto kila Jumamosi asubuhi, uwanjani, tukipiga magunia tuliyoyashindilia nguo kuukuu kutoka Gikomba. Mzazi mgeni huja na lalamiko, na lalamiko karibu kila mara ni juu ya mtoto: hana nguvu, haoni sawasawa, ni mwoga, hatulii. Mimi huanza kwa kutoa tepu ya fundi wa nguo mfukoni.

Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mtoto wa Nairobi hapewi upinde wa kuwindia. Anapiga karatasi yenye duara za rangi, mchezo ule ule uliompeleka Shehzana Anwar kwenye Olimpiki ya Rio 2016, ambako pia alibeba bendera ya Kenya siku ya ufunguzi. Lakini hata kwenye nchi ambako watoto hufuatana na wazazi wao kuwinda kwa bunduki, makosa ya silaha ya kwanza ni haya haya: ni ndefu mno, ni nzito mno, au iko upande usio wa jicho lake.

Vipimo vitatu kabla ya kutafuta kosa

Mwambie mtoto asimame wima na kunyoosha mikono yote miwili pembeni kama anayetaka kuruka. Pima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono wa pili, kisha gawanya kwa 2.5. Mtoto mwenye sentimita 130 atapata 52. Huo ndio mvuto wake, yaani umbali ambao upote, ile kamba ya upinde, unatakiwa kurudi nyuma mpaka mkono utulie chini ya taya au kwenye pembe ya mdomo.

Mvuto ndio unaochagua urefu wa upinde. Mwenye mvuto wa chini ya sentimita 43 atafaa upinde wa sentimita 122 hivi. Mwenye 50 hadi 55 apewe wa sentimita 137 au unaozidi kidogo. Akifika 56 hadi 61, atafute wa sentimita 157 hadi 163. Upinde wa mtu mzima wa sentimita 173 mikononi mwa mtoto wa kimo cha 130 unamzidi mwenyewe kwa zaidi ya futi moja, na hakuna mafunzo yatakayoficha jambo hilo.

Kipimo cha pili ni pauni. Namba iliyoandikwa kwenye bawa la upinde (mabawa ni vile vipande viwili vinavyopinda, juu na chini ya mpini) huonyesha nguvu ya kuuvuta hadi inchi 28, yaani sentimita 71. Mtoto wetu wa 52 hafiki huko. Kwenye pinde nyepesi, kila inchi isiyovutwa hupunguza karibu pauni moja, kwa hiyo upinde ulioandikwa 20 humpa yeye kama 12. Wazazi wengi hawaambiwi hili dukani. Ukitaka uhakika, chukua mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza nyama, ushike upote kwa ndoano na uvute polepole hadi kwenye mvuto wa mtoto, kisha uurudishe polepole vilevile. Kilo moja ni pauni 2.2.

Cha tatu ni jicho. Nitakieleza pale mishale inapoanza kwenda kando.

Dalili: anauelekeza upinde mbinguni ndipo auvute

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuliko zote, na ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mtoto anainua upinde juu ya kichwa, anauvuta akiushusha, mgongo unapinda nyuma kama aliyebeba mtungi, bega la mkono unaoshika upinde linapanda hadi sikioni. Akifika kwenye shabaha anatetemeka na kuachia haraka, maana hana namna nyingine.

Upinde ni mzito kwake. Hakuna sababu ya pili ya kutafuta. Na hatari si ya mtoto peke yake: mshale ukiponyoka wakati umeelekea juu, hata kutoka upinde wa pauni 20, unaweza kwenda zaidi ya mita 100. Katika mitaa yetu iliyobanana, mita 100 ni kuvuka ukuta, kuvuka barabara na kuangukia ua wa watu wengine.

Mpime hivi. Aelekeze upinde kwenye shabaha kwanza, mshale ukiwa sambamba na ardhi, ndipo avute moja kwa moja bila kuupandisha. Akifika chini ya taya, ashikilie huku wewe ukihesabu taratibu hadi kumi. Kisha arudishe upote polepole bila kuachia. Akiweza mara tatu mfululizo mabega yakiwa chini, uzito unamfaa. Akitetemeka kabla ya tano, punguza. Mtoto wa miaka 8 hadi 10 huanza vizuri kwa pauni 10 hadi 14 za kweli mkononi mwake, na wa 11 hadi 13 kwa 14 hadi 18. Mwenye mwili mdogo abaki chini ya hapo bila aibu yoyote. Mifupa ya bega la mtoto bado inakua, na bega lililochubuka kwa ndani katika umri huo hukumbusha mwenyewe kwa muda mrefu.

Baba mmoja aliwahi kuniambia, kwa heshima lakini kwa mkazo, "Kocha, babu yangu Ukambani alivuta upinde ambao wewe na mimi hatuwezi. Huyu kijana ni damu yake." Nilimwambia, "Mzee wangu, ni kweli kabisa. Sasa niambie, babu alipokuwa na miaka 8 alivuta upinde upi?" Akanyamaza kidogo, kisha akacheka na kusema alichongewa wake mdogo. Ndivyo ilivyokuwa. Wawindaji Waata wa pande za Tsavo walijulikana kwa pinde zinazovutwa kwa zaidi ya pauni 100, lakini hakuna aliyezaliwa akivuta hizo. Wahadza wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, humpa mtoto wa kiume upinde akiwa na miaka mitatu hivi, na ni upinde wa mtoto. Mwili ukikua, upinde nao unakuwa mwingine. Watu walioishi kwa mshale hawakumpa mtoto silaha ya baba yake wakingoja akue nayo.

Uzito wenyewe wa upinde nao usisahauliwe. Mpini wa chuma pekee unaweza kupita kilo moja kabla hujafunga mabawa. Mkono wa mtoto ukianza kushuka baada ya mishale sita, na alianza vizuri, tatizo mara nyingi liko hapo, si kwenye pauni. Wa mbao unatosha. Bora zaidi ni ule wa mbao unaofunguka, kwa sababu mtoto akikua unabadilisha mabawa tu na mpini unabaki.

Dalili: upote unamchapa mkononi

Alama nyekundu ndani ya mkono, karibu na kiwiko, na baada ya hapo mtoto anafumba macho kila anapoachia. Usimwite mwoga. Amechapwa.

Angalia kiwiko kwanza. Watoto wengi, hasa wasichana, wana viwiko vinavyonyooka kupita kiasi na kuingia kwenye njia ya upote. Mwambie aweke kiganja ukutani kama anayesukuma mlango, kisha ageuze kiwiko mpaka kikunjo chake kitazame pembeni badala ya juu, bila kiganja kuhama. Arudie hivyo akiwa na upinde mkononi. Kwa watoto wengi shida huishia hapo.

Isipoisha, angalia nafasi kati ya upote na mpini upinde ukiwa umefungwa lakini haujavutwa. Upote ukikaribia mkono sana, utamgonga hata akisimama kama bingwa. Kwenye upinde wa sentimita 137 nafasi hiyo huwa karibu sentimita 18 au 19, na kwenye ule wa 157 hadi 163 ni kama 20 au 21. Ikiwa ndogo, fungua upote, usokote mizunguko kadhaa zaidi ili ufupike, kisha ufunge tena na upime. Upote uliorefuka kwa kutumika ni sababu ya kawaida sana, na mtu huweza kubadilisha kila kitu kingine kabla ya kuushuku.

Kisha kuna Julai. Baridi ya Nairobi inawaleta uwanjani wakiwa na jaketi pana, na upote unanasa kwenye mkono wa jaketi. Mshale huanguka mita tatu mbele yake na mtoto haelewi kwa nini. Ufunge mkono wa jaketi kwa kinga ya ngozi. Mafundi wa viatu Kariokor hukata kinga nzuri ukiwachorea umbo lake na kuwapelekea mkono wenyewe wa kupimia. Iwe ndefu ya kutosha kufunika kuanzia juu ya kifundo hadi karibu na kiwiko, na mikanda yake isibane.

Dalili: mishale yote inakwenda upande mmoja

Mtoto anapiga kwa mkono wa kulia, yaani anavuta kwa kulia. Mishale yake imekusanyika vizuri, lakini imekusanyika kushoto, mbali na duara la njano la katikati. Kukusanyika ni habari njema, maana mtoto anarudia kitendo kile kile. Kuna kitu kinachompotosha, na kwa kawaida ni kimoja kati ya viwili.

Cha kwanza ni jicho linalotawala. Kila mtu ana jicho moja ambalo ubongo hulisikiliza zaidi, na si lazima liwe upande wa mkono anaoandikia. Mwambie anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja na kuacha tundu dogo katikati, atazame kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali, kwa mfano tangi la maji juu ya paa. Huku akiendelea kukiona, arudishe mikono polepole hadi usoni. Tundu litaishia kwenye jicho linalotawala. Rudia mara tatu, na usimwambie unachotafuta, kwa sababu watoto hupenda kujibu kile wanachodhani unataka. Anayevuta kwa kulia huku akitawaliwa na jicho la kushoto huipanga ncha ya mshale na jicho la kushoto ilhali mkia wake uko chini ya jicho la kulia. Mshale wenyewe unaelekea kushoto, naye anaapa kwamba ulikuwa sawa.

Cha pili ni wano, ule ufito wa mshale, likiwa gumu mno kwa upinde. Mshale hupinda kidogo unapoachiwa, na kupinda huko ndiko kunakousaidia kuupita mpini. Wano gumu likisukumwa na upinde mwepesi halipindi vya kutosha, na kwa mtoto wa mkono wa kulia huishia kushoto. Hii hutokea mno pale ambapo mtoto amepewa mishale iliyobaki kwa mtu mzima. Kwenye mawano ya kaboni, namba kubwa ina maana wano laini zaidi: 1000 hupinda zaidi ya 500. Upinde wa pauni 12 unahitaji laini kabisa, au mishale miepesi ya faiba inayouzwa kwa ajili ya watoto.

Kuvitenganisha ni rahisi. Mzibe jicho la kushoto kwa kitambaa na apige mishale sita. Kundi likirudi katikati, ni jicho. Likibaki kule kule, ni wano. Kwa mtoto anayevuta kwa kushoto, geuza pande zote hizi.

Ikiwa ni jicho, mimi humbadilisha mkono: apewe upinde wa kushoto, avute kwa kushoto. Mtoto wa miaka 8 hulalamika wiki mbili, kisha anasahau kwamba aliwahi kupiga vingine. Mwenye miaka 14 aliyekwisha kuzoea anaweza kuendelea na mkono wake huku jicho moja limezibwa kwa utepe kwenye miwani. Wapo makocha wanaopendelea kuziba jicho kwa umri wowote. Mimi sikubaliani nao kwa watoto wadogo, kwa kuwa macho mawili yaliyo wazi humpa mtoto utulivu na kumwezesha kuona aliyekaribia pembeni. Na hii ndiyo sababu nasihi jicho lipimwe kabla ya kununua: upinde wa kulia haugeuzwi kuwa wa kushoto, mpini wake umechongwa upande mmoja.

Dalili: mshale unateleza kutoka mahali pake kabla ya kuachiwa

Mtoto anapovuta, ncha inacheza na mshale unaanguka kando ya mpini. Tazama kwanza kama mshale umewekwa upande sahihi, maana wanaoanza huukosea sana: anayevuta kwa kulia huuweka upande wa kushoto wa mpini. Kisha tazama vidole. Akiubana mkia wa mshale kati ya vidole viwili kama anayeshika kalamu, upote husokotwa na mshale huruka. Mwambie aache upenyo mdogo, auvute upote, mshale utafuata wenyewe.

Lakini mtoto aliyekuwa akipiga vizuri mwaka jana na sasa mishale inaanguka amekuwa mrefu. Upinde mfupi ukivutwa sana hufanya pembe kali pale vidole vilipo, na vidole hubanwa hata kama mwenyewe hataki. Mwenye kuongeza sentimita 5 au 6 za kimo kwa mwaka huongeza sentimita 2 au zaidi kidogo za mvuto. Pima upya kila shule zinapofunguliwa, siku ile ile mnayojaribu viatu.

Dalili: ncha ya mshale inafika kwenye mpini

Hapa simamisha kila kitu. Mshale mfupi ukivutwa hadi nyuma ya mpini unaweza kuachiwa ukapita kwenye mkono unaoshika upinde. Usimwambie avute kidogo tu kwa leo. Mishale hiyo iondoke uwanjani.

Ili kupima, weka mkia wa mshale katikati ya kifua cha mtoto, anyooshe mikono yote miwili mbele na kuulaza mshale kati ya viganja. Ncha ipite vidole kwa sentimita 5 au zaidi. Kwa anayeanza, mshale mrefu kupita kiasi humpotezea pointi tu.

Dalili: mshale unapepea kama samaki anayeruka majini

Ukipanda na kushuka njiani, mkia haujashikwa mahali pake kwenye upote. Uwe juu kidogo ya mstari ulionyooka kutoka mahali mshale unapoegemea, milimita 5 hadi 10, na uwekewe alama ya uzi uliofungwa imara ili mtoto asikisie. Ukitikisika kulia na kushoto, rudi kwenye habari ya wano. Manyoya yaliyonyofoka hubandikwa upya kwa gundi.

Dalili: upinde unalia

Mlio mkali mpya baada ya kila mshale ni nafasi ya upote tena. Mlio wa kukatika, hata mara moja, ni tofauti. Fungua upote, pitisha pamba kwenye mabawa yote mawili, na pale nyuzi za pamba zinaponasa kuna ufa. Bawa lenye ufa halitengenezwi kwa gundi ya nyumbani, linatupwa. Chanzo chake huwa ni mtu aliyevuta na kuachia bila mshale, jambo ambalo kila mgeni nyumbani hutaka kulijaribu, au ni gari lililoegeshwa juani mchana kutwa upinde ukiwa ndani. Joto hulegeza gundi inayoshikanisha tabaka za mabawa. Ufanyie ukaguzi huu pia upinde wowote wa mtumba kabla ya kutoa pesa, na uutazame kwa urefu kutoka ncha moja: upote upite katikati ya mabawa yote mawili bila kujikunja.

Dalili: hataki tena kuja

Mzazi husema mtoto amechoka na mchezo. Mimi huuliza anasimama umbali gani. Mita 70 ni za Olimpiki, na duara la pointi kumi hapo lina upana wa sentimita 12.2. Mtoto wa miaka 9 aliyewekwa mita 20 siku ya kwanza hutumia asubuhi nzima akitafuta mishale kwenye nyasi, na mvua za Aprili zikianza hazipatikani kabisa. Mrudishe mita 5, mbele ya gunia kubwa, bila karatasi ya pointi. Mishale yote sita ikiingia kwenye eneo la ukubwa wa sahani, mara tatu mfululizo, rudi nyuma hatua mbili.

Msichana mmoja wa miaka 9 aliletwa na mama yake akiwa amekwisha kukata tamaa, na upinde wa pauni 26 aliopewa na mjomba. Mvuto wake ulikuwa sentimita 50. Tulimpa wa sentimita 137 wenye pauni 11 mkononi mwake, tukamsimamisha mita 5. Mama yake aliketi kwenye jiwe akitazama. Saa nne ilipofika alisema, "Haya, twende, matatu zitajaa." Mtoto hakugeuka. "Mama, sita za mwisho," alisema, akachukua mshale mwingine.